Bufee ya Kutoka Ujiji

Kifaransa cha Baba kina sifa moja kubwa: hakidhulumu herufi. Kilichoandikwa hutamkwa chote, na neno likiishia kwa konsonanti Baba hulipa irabu ya kukalia. Rendezvous kwake ni rendezivousi. Coup d'état ni kupu de etati. Mpelelezi Poirot, aliyemsoma tangu ujana hadi vitabu vikaachana na majalada yake, ni Poiroti, na hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kumwita vinginevyo.

Kadi za walima wa kaka zilipotoka kwa mchapaji, zilikuwa na zile herufi nne ambazo kadi zetu huweka juu ya namba za simu, RSVP. Mama alizisoma kama anavyozisoma kila mtu, aresivipii, akijua kwamba maana yake ni namba za kupigia ukiwa na udhuru, au ukiwa na mchango uliochelewa. Baba akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la msuli, akatufahamisha kuwa ule ni ufupisho na kwamba maneno yenyewe ni ya Kifaransa. Akayasema kwa utulivu: "Repondezi sili vousi plaiti." Sebule nzima ikanyamaza kwa heshima. Nani angembishia?

Elimu hiyo aliipata kwenye makasha. Alikuwa karani wa mizigo wa reli hapa Tabora, mji ambao reli ya kati iliufikia mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, ndiyo maana njia zote mbili hukutania mbele ya dirisha alilokalia. Mizigo ya Burundi na ya Kongo ilipita hapo tangu enzi za Wabelgiji, ambao kwa mkataba wa mwaka 1921 walipewa maeneo yao katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Kwa hiyo mbele ya macho ya Baba yalipita makasha yaliyoandikwa HAUT upande wa juu, BAS upande wa chini, POIDS kwenye uzito. Aliyasoma hauti, basi na poidisi, akayapanga inavyotakiwa, na katika miaka yote ya kazi hakuna kasha lililofungua mdomo likamsahihisha.

Vitabu vya Agatha Christie alivinunua kwa wauza mitumba, kimoja kimoja. Poirot ni Mbelgiji aliyekimbilia Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kitabu chake cha kwanza Christie alikiandika mwaka 1916, ingawa kilichapishwa mwaka 1920. Sasa Septemba 19 ya mwaka huo huo wa 1916 ndiyo siku Wabelgiji walipouteka mji wa Tabora kutoka kwa Wajerumani. Baba alipozioanisha tarehe hizo mbili hakulala. Kuanzia hapo Poiroti akawa jamaa wa mji. Jenerali Tombeur, aliyeongoza vita ile, baadaye alipewa ubaroni wenye jina la Tabora ndani yake, na katikati ya Brussels kuna mtaa unaoitwa Rue de Tabora. Baba anatamani kwenda huko kwa shughuli moja tu: kusimama kwenye kona na kumuuliza mpita njia mtaa huo uko wapi, aone atakavyolitamka jina hilo.

Binamu yetu aliwahi kuleta diski za ile tamthilia ya Waingereza ambamo David Suchet anaigiza kama Poirot. Tukakaa. Mara mtu mmoja kwenye runinga akamwita "Pwaro". Baba akainua uso. Akasikia tena. "Huyu si yeye," akasema, "huyu watakuwa ni ndugu." Akaangalia hadi mwisho, akampenda sana huyo Pwaro, lakini akaendelea kusema kuwa Poiroti alikuwa na akili zaidi.

Na si Poirot peke yake. Kazini, Baba alisema depo kila siku ya Mungu, kwa sababu depo ndipo injini zinapolala na kutengenezwa, na neno hilo aliachiwa na waliomtangulia, mdomo kwa mdomo. Kwenye vitabu alikutana na depoti. Akaamua kuwa depoti ni kitu cha Ulaya, kidogo kuliko depo, pengine chenye paa la kioo. Vivyo hivyo alikutana vitabuni na bufeti, ambayo kwa kufuatilia mambo yanayotendeka ndani yake aliielewa sawasawa: ni kabati la chumba cha kulia, lenye droo na milango, ambamo Waingereza huweka vyombo vya fedha, mvinyo na, ikibidi, sumu.

Nayaeleza haya mapema ili ieleweke kwamba siku ya mkasa nyumba yetu haikupungukiwa na elimu.

Kaka alikuwa anaoa Ujiji. Bi harusi kazaliwa huko, lakini mama yake alikulia Buyenzi, ule mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ambako Kiswahili ndicho cha nyumbani na Kifaransa ndicho cha shule. Ndoa ingefungwa Ujiji, kisha bi harusi asindikizwe kwa treni mpaka kwetu kwa walima. Mjomba alitangulia na bwana harusi pamoja na wazee wawili. Sisi tuliobaki tulikuwa na kamati, daftari la michango, na Shangazi.

Wiki mbili kabla ya shughuli mama mkwe akapiga simu. Baada ya salamu, ambazo kwa watu wa kule zina sura nyingi, akasema:

"Mkwe, la bufee msihangaike nalo kabisa. Sisi tunakuja nayo."

Mama akashika kichwa. Bufee anaijua vizuri: ni ile meza ndefu ya ukumbini, watu wamepanga foleni na sahani mkononi, na mwisho wake yupo kijana mkali anayelinda nyama. Hakuwahi kusikia mgeni akisafiri nayo.

"Mkwe, mtajitaabisha bure. Chakula..."

"Hapana, mkwe. Ni zawadi yetu kwa mtoto. Tumeshamwagiza fundi tangu mwezi uliopita."

"Fundi?"

"Wa kwetu Buyenzi. Kazi yake utaila kwa macho."

Mama alikata simu akatafsiri. Kwao mpishi huitwa fundi, na anaagizwa mwezi mzima kabla kwa sababu ni mtu wa kugombewa. Shangazi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliuweka chini.

"Mgeni aje na chakula chake? Hapa Unyanyembe? Misafara yote iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilisimama hapa ikala, Waarabu wakala, Wazungu wakala, wapagazi wakala. Leo wa Ujiji waje wamebeba masufuria? Watarudi kwao waseme tuliwapokea kwa maji ya kunawa."

"Wamesema ni zawadi, wifi."

"Zawadi ni kanga."

Kamati ikakutana jioni. Mweka hazina, ambaye daftari lake lilikuwa na ahadi nyingi kuliko fedha, aliiona bufee ya Ujiji kuwa ni mkono wa Mungu. Kilo sitini za mchele zikashushwa mpaka kumi na tano, za wazee tu na za kinga. Mbuzi wawili kati ya watatu wakarudishwa kwa mwenyewe kule Ipuli, akawapokea kwa masharti. Fedha iliyookolewa ikaenda kwenye maturubai, spika, na rangi ya ukuta wa mbele. Baba, akiwa mwenyekiti, alitoa uamuzi kwa sentensi moja: kila nchi ina taratibu zake, na mgeni hapangiwi ukarimu.

Mama hakutulia. Akapiga simu tena.

"Mkwe, nilikuwa nawaza njia. Usiku kucha ndani ya treni, si itaharibika?"

"Haiharibiki. Tunaifunga kwa mablanketi, tabaka mbili."

Hapo hata Shangazi alikubali kwamba hao watu wanajua kazi. Sufuria la wali ukilifunga blanketi linashinda na moto wake.

"Na... itatosha, mkwe?"

"Itatosha na kuzidi. Wasiwasi wangu ni nyinyi kukosa pa kuiweka. Na mtuandalie vijana wanne wenye nguvu wa kuishusha."

Mama akamtafuta Mjomba, aliyekuwa ameshafika Ujiji. Mtandao ulikuwa wa kukatikakatika.

"Mmeiona bufee yao?"

"Tumeiona," Mjomba akasema. Alikuwa mgeni huko kwa siku kadhaa na ameshaokota maneno ya wenyeji. "Mashallah, dada. Imechukua ukuta mzima."

"Ukuta mzima! Ina nini na nini?"

"Ina kila kitu. Juu ina vioo..." Simu ikakata.

Mama aliwahi kula hotelini Dar es Salaam na huko vyakula vilikuwa nyuma ya vioo. Basi, ndiyo hiyo. Akaagiza meza ndefu tatu za kukodi, akazifunika vitambaa vyeupe, akapanga sahani upande wa kushoto na vijiko upande wa kulia, na katikati akaacha nafasi tupu, upana wa mikono ya watu wawili waliosimama, ya kupokea bufee.

Ilikuwa Desemba. Mvua zimeshaanza, miembe imeinama kwa uzito, na kila mtoto wa mtaani ana shati lenye madoa ya njano. Treni ikaingia kutoka Kigoma alfajiri, zaidi ya kilomita 400 zikiwa nyuma yake, imepita Uvinza ya chumvi, imepita Kaliua na Urambo. Shangazi aliwapokea kwa vigelegele vilivyowaamsha abiria wa behewa la pili waliokuwa wanaendelea Dodoma. Wakashuka: bi harusi na wapambe wake, mama mkwe aliyevaa kitenge cha nta kilichosimama chenyewe, mashangazi, wazee, watoto. Wakashuka pia na vifurushi vya zawadi, kwa sababu mtu wa Ziwa Tanganyika hatoki mikono mitupu: dagaa, migebuka iliyokaushwa, dumu la mawese. Bufee, wakatuambia, iko behewa la mizigo, itafuata.

Nyumbani wageni wakapewa chai, chapati na maandazi. Wakaoga, wakajinyoosha. Saa nne ikapita. Mama alikuwa kila baada ya muda anatoka hadi barabarani, anarudi, anarekebisha vijiko ambavyo vilikuwa vimenyooka. Jikoni hapakuwa na moshi wa kutosha, na mpishi wa mtaa aliyekodiwa kwa zile kilo kumi na tano alikuwa amekaa juu ya ndoo akisikiliza muziki kwenye simu. Saa tano hivi ikasikika honi ya kirikuu.

Kilichokuwa nyuma ya kirikuu kilikuwa kirefu kuliko kirikuu. Kimefungwa mablanketi ya kijivu, kikazungushwa makaratasi ya maboksi, kikakazwa kwa kamba ya katani. Vijana wanne wakajipanga. Baba akatoka ndani, na alipoona herufi kwenye boksi akawa karani wa mizigo tena, sauti na yote.

"Simameni! Hauti iko chini! Hauti haiwezi kuwa chini! Geuzeni!"

Wakageuza. Akalizunguka, akainama kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa ubavuni: BUFFET. MARIÉE. TABORA.

"Mzigo ni bufeti," akasoma. "Mwenye mzigo ni Mariee. Tabora." Akanyanyuka. "Sasa huyu Mariee ndiye nani hapa?"

Mama mkwe akacheka akisema bi harusi huyo. Kamba zikakatwa, mablanketi yakaanguka, na katikati ya ua wetu likasimama kabati la mvule lenye vioo juu, milango miwili chini, na droo tatu zilizowekwa vishikio vya shaba. Lilipakwa vanishi mpaka mti wa mwembe ulijiona ndani yake. Lilikuwa zuri, tusidanganyane. Mafundi wa Tabora, mji unaolisha mninga nusu ya nchi, walisogea kulipapasa maungio na hawakupata pa kusema neno.

Mama alikwenda moja kwa moja akafungua mlango wa chini. Ndani palikuwa na vikombe vya kahawa vilivyofungwa kwa magazeti. Akafungua wa pili. Visosa. Akavuta droo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimwona akichungulia hata nyuma.

"Bufee iko wapi?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Si hii hapa, mkwe," akasema mama mkwe, na safari hii tulikuwa karibu yake kiasi cha kuona midomo yake ilivyochongoka kwenye ile u ya silabi ya kwanza, ambayo kwenye simu ilikuwa imetufikia imenyooka kama u zetu.

"Bufeti!" Baba akasema, uso umemng'aa. "Hii ndiyo bufeti yenyewe! Zaidi ya miaka arobaini naisoma, sijawahi kuiona!"

Mama alimtazama Baba. Akamtazama mkwe wake. Maneno matatu yalikuwa yanazunguka ua ule, na yeye alikuwa mtu wa kwanza kuona kwamba ni neno moja. Namheshimu kwa alichokifanya baadaye. Alifunga droo taratibu, akafuta alama ya kidole kwenye kioo kwa ncha ya kanga, akasema:

"Nilikuwa nauliza, iwekwe wapi."

Kisha akaingia jikoni akajifungia na Shangazi.

Niwe mkweli kuhusu jambo moja ambalo watu hulikosea. Wakimcheka Baba, wanadhani ameshindwa Kifaransa. Hakushindwa, alikisoma kwa imani aliyofundishwa na Kiswahili, ambacho hakijawahi kumdanganya: herufi ikiwepo ina kazi. Mtu aliyelelewa na maandishi ya namna hiyo atawezaje kukisia kwamba kuna taifa zima linaloandika t, s, d na x mwishoni mwa maneno kisha linazipita bila hata kuzipa salamu? Maneno ya Kifaransa yaliyotufikia kwa sikio yalikaa bila shida. Divai ni mfano. Wengi hulihusisha na du vin, ya lugha ya mapadre waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 na wenzao waliopita Tabora mwaka 1878 wakielekea Ujiji na Uganda. Aliyelipokea hakuliona limeandikwa, basi akalichukua pamoja na ile du yake, kama mtu aliyenunua soda akaondoka na kreti. Hakuna anayemcheka. Bufee nayo iliingia kwa sikio, kupitia hoteli na kumbi za harusi, ikakaa kwa Mama. Bufeti iliingia kwa jicho, ikakaa kwa Baba. Wameishi nyumba moja, wanakula pamoja, na neno hilo halikuwahi kukutana na lenyewe, kwa sababu Baba hakwenda harusini na kitabu na Mama hakusoma riwaya mtu akila.

Jikoni, Shangazi alikuwa ameshinda, na ushindi wake ulikuwa mzito kuubeba siku hiyo.

"Nilisema."

"Ulisema, wifi. Sasa tupike nini?"

Zilikuwepo kilo kumi na tano za mchele na mbuzi mmoja, aliyekwisha chinjwa kwa ajili ya wazee. Wageni wa pande zote mbili walikuwa wanakaribia mia, na sala ya adhuhuri ilikuwa karibu. Shangazi akatoka kwa mlango wa nyuma na watoto sita, kila mmoja na beseni. Walipita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ikatoa ilichokuwa nacho. Zaidi ya yote walipata matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu, akiba ya kila jiko la Kinyamwezi. Ukivichemsha tena vinalainika na utamu wake unarudi, na ukivimwagia karanga iliyosagwa hakuna mtoto atakayekumbuka pilau. Mwingine akatoa uyoga aliouchuma asubuhi. Mwingine galoni la asali. Maembe hayakuombwa, yalikuwa yanaanguka.

Bado chakula kilikuwa kidogo. Mama akatazama kona ya stoo, palipokuwa na vifurushi vya zawadi kutoka ziwani.

"Usithubutu," Shangazi akasema. "Utawalisha mikono yao wenyewe."

"Nitawalisha dagaa, wifi. Mikono itakuwa ya kwetu."

Dumu la mawese likafunguliwa. Mpishi akaondoka juu ya ndoo. Kwa muda wa saa moja na nusu jiko lile lilitoa moshi wa harusi tatu.

Ikabaki habari ya meza. Zilikuwa tatu, ndefu, nyeupe, zimetandikwa kwa ajili ya bufee ya kujaza ukuta, na sasa tulikuwa na masinia saba. Mama alizitazama mara moja akaziona zitakavyomwumbua: sinia moja hapa, la pili kule, na kati yake kitambaa kitupu kinachopepea. Chakula kidogo juu ya meza ndefu ni aibu. Chakula hicho hicho juu ya kitu chembamba, kimebanana, kimerundikana, ni fahari. Akaamuru meza ziondolewe zikakaliwe na wazee. Kabati likasogezwa chini ya mwembe mkubwa, juu yake likatandikwa kitambaa, masinia yakapangwa bega kwa bega, asali na maembe vikajaa pale kwenye vioo, vikombe vya bi harusi vikatolewa kwenye magazeti vikaoshwa, na kijana mkali akasimamishwa kulinda nyama.

Mama mkwe alipotoka ndani akaona, alishika mdomo.

"Jamani, mkwe! Mmeitumia siku hii hii!"

"Tungengoja nini, mkwe?"

Watu wakapanga foleni. Walikula. Wageni wa Ujiji walirudia matobolwa mpaka yakaisha, wakaomba wafungiwe ya njiani, na hakukuwa na ya kufungiwa. Mzee mmoja wa upande wao, mvuvi wa zamani, alisimama mbele ya sinia la dagaa kwa muda, akachukua mmoja kwa vidole viwili, akamgeuza upande huu na upande huu.

"Huyu," akasema, "tumesafiri naye."

Akamla. Hakusema lingine, na Shangazi tangu siku hiyo anamtumia asali kila anapopata msafiri.

Usiku, wageni walipolala, Baba alishusha kamusi yake kubwa ya Kiingereza kutoka juu ya kabati la nguo. Ni kamusi ya zamani, na kwenye kila neno ina vile vialama vya matamshi kati ya mistari miwili ya mshazari, ambavyo Baba siku zote alivihesabu kuwa mapambo ya mchapaji. Akaitafuta buffet. Akatuita.

Ilikuwepo mara mbili. Pa kwanza palikuwa na kabati la vyombo na chakula cha kujipakulia, vyote chini ya tamshi moja, la Mama. Kabati lilitangulia: Wafaransa waliita hivyo samani yenyewe, kisha chakula kilichopangwa juu yake kikachukua jina lake, kwa hiyo tulichokifanya chini ya mwembe ndiyo asili ya jambo zima. Baba akalipokea hilo bila furaha. Kisha akaona pa pili, neno lenye herufi zile zile, ambalo Waingereza hulitamka na t yake mwishoni, waziwazi.

"Mnaona?" akasema, ametuonyesha kwa kidole. "Bufeti lipo! Sikulitunga. Lina t yake na inatamkwa."

"Maana yake nini?" Mama akauliza.

Baba akasogeza taa. "Kupigwa. Mtu kupigwa, au chombo kupigwa na mawimbi huku na huku."

"Basi hilo ndilo lililotupata leo," Mama akasema, akazima muziki uliokuwa umesahauliwa kwenye spika, akaenda kulala.

Baba hakulala. Alibaki sebuleni akijitetea mbele yangu kwa kuwa wengine wameondoka. Burton na Speke, alisema, waliingia hapa Novemba mwaka 1857, wakakaa kwa Waarabu, wakala na kushiba, kisha Burton akaenda kuandika kuwa mahali pale panaitwa Kazeh. Leo nenda stendi ya mabasi umwambie dereva wa bajaji akupeleke Kazeh, uone kama hatakushusha hospitali. Yule alisikia akaandika anavyojua. Yeye amesoma akatamka anavyojua. Burton alipewa nishani. "Mimi," akasema, "nimepewa matobolwa." Nikamkumbusha kuwa aliyala sahani mbili.

Kabati halikuondoka. Chumba walichopanga maharusi kina mlango mwembamba, likapimwa kwa urefu, kwa ubavu, kwa hauti na kwa basi, likakataa kote. Liko sebuleni kwetu, na ndani yake vimo vikombe vya bi harusi, kamusi, na Poiroti wote. Mama huliita bufee. Baba hajabadilika. Mjukuu wa kwanza alipozaliwa, simu ikaita kutoka Ujiji, Mama akaweka sauti ya nje tusikie wote.

"Mkwe, hongera sana! Tunakuja akika. Na safari hii zawadi ya mtoto ni komodi. Fundi ni yule yule."

Mama alisema ahsante, ahsante sana, mkwe. Baba alikuwa ameshanyanyuka kuelekea kwenye kamusi. Akafungua, akasoma kimya, akasogeza miwani, akasoma tena.

"Inasema ni kabati la droo," akasema. "Au ni kiti chenye tundu, cha mgonjwa kwenda haja."

Tukasubiri. Mama alimgeukia Shangazi.

"Wifi, nunua mchele kilo sitini."

"Na mbuzi?"

"Watatu. Na usirudishe hata mmoja."